Sayansi ni nini na inakomea wapi: njia nne kwa mwalimu wa fizikia, na ipi inafaa darasa lipi

Walimu wa fizikia wa sekondari hukutana na madarasa ya aina mbili. La kwanza linaamini kitabu kuliko macho yake. Mwanafunzi anapima mchapuko wa uvutano, yaani g, kwa pendulamu, anapata 9.6, anatazama kushoto na kulia, anafuta na kuandika 9.8. Darasa la pili haliamini kitu. Ukifika kwenye mlipuko mkuu au umri wa miamba linakujibu, "Hiyo si nadharia tu, mwalimu?" Pengine mmoja wao ameshaona video ya dunia kuwa bapa, na haoni kwa nini kitabu chako kimshinde yule bwana wa kwenye simu.

Kabla ya kuchagua namna ya kufundisha sayansi ni nini na inakomea wapi, jiulize kwanza uko na darasa lipi. Ushauri mwingi wanaopewa walimu unachukulia kwamba tatizo ni moja, kwamba wanafunzi wote wanaiona sayansi kama msahafu na wanahitaji kuonyeshwa kuwa hata wakubwa hukosea. Kisa kinacholifungua macho darasa la kwanza kinaweza kulipa la pili silaha mkononi: "Unaona? Hata wao wanabahatisha." Ndiyo maana katika ulinganisho huu sitasema njia fulani ni bora bila kusema ni bora kwa nani. Upendeleo wangu ninao, na utauona.

Nachukulia hali ya kawaida: kipindi cha dakika 40, wanafunzi 60 au 80, maabara yenye vifaa vya kubahatisha, na mtihani wa taifa unaowasubiri wote.

Tulichonacho tayari

Kidato cha Kwanza kina utangulizi wa maabara, na humo mna hatua za uchunguzi wa kisayansi: tambua tatizo, toa nadharia tete, fanya jaribio, kusanya data, chambua, hitimisha. Swali la kutaja hatua hizi ni rahisi kulitunga na rahisi kulisahihisha. Zifundishe, wanafunzi wapate alama zao. Tatizo ni kuziacha peke yake, kwa sababu anayezikariri hutoka akiamini kwamba wanasayansi wote huanzia namba moja na kuishia namba sita, na mwishoni ukweli hujitokeza wenyewe. Mtaalamu wa matetemeko haanzishi tetemeko ili alipime. Mwanafizikia Röntgen, mwaka 1895, hakuwa na nadharia tete yoyote kuhusu eksirei. Aliona skrini iking'aa mahali ambapo haikupaswa kung'aa, akajifungia maabara kwa wiki kadhaa kutafuta sababu. Hatua ya kwanza ya orodha yetu aliifikia akiwa ameshaanza kazi.

Njia hii siihesabu katika zile nne, maana huichagui. Umeshachaguliwa.

Ya kwanza: kisa cha historia

Kwa mwalimu wa Afrika Mashariki kisa cha karibu zaidi ni cha Erasto Mpemba, na bahati mbaya ndicho kinachosimuliwa vibaya kuliko vyote.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa Kidato cha Tatu katika shule ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unaweka kwenye friji. Nafasi ndani ya friji ilikuwa ya kugombania. Mwenzake mmoja akawahi na mchanganyiko wake bila hata kuuchemsha. Mpemba akaona akisubiri ya kwake yapoe atakosa nafasi, akayatia yakiwa ya moto. Ya kwake yakaganda kwanza. Alipomuuliza mwalimu wa fizikia akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye akasikia kwa muuza aiskrimu wa Tanga mjini kwamba wenyewe hutumia maziwa ya moto kusudi, ili kuwahi. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na safari hii jibu lilikuwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia nzima. Darasa likaufanya utani.

Kisha Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, akaenda kuzungumza na wanafunzi wa Mkwawa. Mpemba akasimama na kuuliza: vyombo viwili vinavyofanana, maji ya ujazo sawa, kimoja kiko nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukivitia kwenye friza kile cha nyuzi 100 huganda kwanza; kwa nini? Wenzake wakacheka. Osborne naye hakuamini, lakini aliporudi Dar es Salaam aliagiza jaribio lifanywe. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala ya pamoja. Mwaka huohuo mtafiti mmoja wa Canada aliandika kuhusu jambo lilelile kivyake, na Aristotle alikuwa ameshaligusa zaidi ya miaka 2,000 kabla yao wote.

Wasimuliaji wengi hushukia hapa kwa shangwe: mwanafunzi kamshinda mwalimu. Ukiishia hapa umefundisha ushujaa. Sayansi bado hujaigusa. Endelea. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilitangaza shindano la kutafuta maelezo bora ya tukio hili, na yakaja zaidi ya 22,000. Maelezo yakiwa mengi hivyo ujue hakuna hata moja lililotosha. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walipima upya kwa uangalifu, wakasema hawaoni ushahidi kwamba maji ya moto huwahi. Wakaonyesha pia kwamba tofauti ndogo ya kimo cha kipimajoto ndani ya chombo inatosha kukupa matokeo ya uongo. Halafu mwaka 2020 watafiti wa Canada wakaonyesha tukio la jamii hiyohiyo, safari hii kwa chembe moja ndogo sana iliyodhibitiwa ndani ya maji. Kwa hiyo leo swali la maji na friji bado lina ubishi, wakati swali pana zaidi, la kama kitu cha moto kinaweza kuwahi kufika kwenye baridi kuliko cha vuguvugu, limezaa tawi zima la utafiti.

Kwa darasa la kitabu hakuna kisa bora kuliko hiki. Chukua vipindi viwili. Cha kwanza simulia hadi Osborne anapoulizwa swali, kisha nyamaza na uwaambie wapange jaribio kwenye karatasi. Friza huihitaji. Ndani ya dakika kumi wataanza kubishana: chombo cha plastiki au cha bati? Kina mfuniko au hakina? Kile cha moto hakitayeyusha barafu iliyo chini yake kikakaa vizuri zaidi kwenye ubaridi? Na kuganda ni nini hasa, ni pale ukoko wa kwanza unapotokea juu au pale chombo chote kinapokuwa jiwe? Hilo la mwisho ndilo lenye thamani kubwa. Watu wawili wenye maana mbili za kuganda wanaweza kupima kitu kilekile kwa uaminifu kabisa na kupata majibu yanayopingana. Kipindi cha pili ndipo unawapa yaliyotokea 2012, 2016 na 2020.

Kwa darasa la "si nadharia tu", Mpemba ana hatari. Watatoka wakisema hata maji kuganda hawayajui. Darasa hilo lipe Le Verrier.

Sayari ya Uranus ilikuwa haifuati njia iliyokokotolewa kwa kanuni ya Newton. Urbain Le Verrier, Mfaransa, akafanya hesabu kwamba kuna sayari nyingine nje inayoivuta, akataja mahali pa kuitafuta. Usiku wa tarehe 23 Septemba 1846, mjini Berlin, mwanaastronomia Galle akaelekeza darubini pale na kuiona Neptune, chini ya nyuzi moja kutoka mahali palipotajwa. Muulize anayesema ni maoni tu: maoni ya nani yalishawahi kukuonyesha sayari? Kisha geuza ukurasa. Le Verrier huyohuyo, mwaka 1859, aliona kwamba njia ya Utaridi nayo ina kasoro ndogo, akatumia hoja ileile, kwamba kuna sayari isiyoonekana karibu na Jua. Ikapewa jina, Vulcan, na wako waliodai wameiona. Haikuwepo. Kasoro yenyewe, sekunde za tao 43 kwa karne (sekunde moja ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi), ilikuja kuelezwa na Einstein mwaka 1915, na safari hii kilichobadilika ni nadharia ya uvutano yenyewe.

Mtu mmoja, hoja moja, mafanikio makubwa na kosa kubwa. Lakini kosa lilijulikana kuwa kosa kwa njia ileile iliyoleta mafanikio, yaani kwenda kuangalia. Hapo darasa lenye shaka halina pa kushika: sayansi hukosea, na ina namna ya kulikamata kosa lake. Kama wanafunzi wako hawajasoma uvutano wa Newton, tumia kisa kifupi zaidi. Septemba 2011 timu ya watafiti iitwayo OPERA ilitangaza kwamba neutrino, chembe ndogo mno zisizo na chaji, zilizotumwa kutoka kituo cha utafiti cha CERN, Geneva, hadi Gran Sasso, Italia, umbali wa kilomita 730 hivi, zilifika kama nanosekunde 60 mapema kuliko mwanga ungefika. Wao wenyewe waliomba wenzao watafute kosa. Mwaka uliofuata likaonekana, na sehemu kubwa ya lawama ilikuwa ya waya wa faiba ambao haukukazwa sawasawa. Mwanafunzi aliyewahi kuunganisha saketi ikagoma kwa sababu ya waya kulegea anakielewa kisa hiki papo hapo.

Gharama ya njia hii ni maandalizi ya mwalimu. Vifaa si kitu. Darasa la watu 80 si tatizo. Udhaifu wake ni kwamba wanafunzi wanasikiliza tu. Mwalimu asiye msimuliaji ataua kisa, na kitageuka orodha ya tarehe za kukariri.

Ya pili: kisanduku kisichofunguliwa

Boksi la viatu au kopo la maziwa ya unga. Ndani gololi, msumari, kipande cha kadibodi kilichogundishwa pembeni. Funga kwa selotepu, zungusha mara nyingi. Vikundi vinatikisa, vinainamisha, vinasikiliza, kisha vinachora kilichomo na kutenga walichokiona au kukisikia na walichokikisia. Hivyo tu. Gharama karibu na sifuri, kelele nyingi, na mwalimu wa darasa la jirani atakuja kuuliza kulikoni.

Sharti moja haliguswi: kisanduku hakifunguliwi, hata kipindi kikiisha, hata mwaka ukiisha. Watakasirika, na hasira hiyo ndiyo somo. Mwalimu anayefungua mwishoni anawarudisha kwenye kitabu chenye majibu nyuma. Mwanafizikia Rutherford hakuifungua atomu. Geiger na Marsden walirusha chembe za alfa kwenye dhahabu nyembamba mwaka 1909, chache zikarudi nyuma, na mwaka 1911 Rutherford akachora kiini cha atomu kutokana na namna zilivyorudi.

Zoezi hili linafaa sana Kidato cha Kwanza na cha Pili, na linalifaa darasa la kitabu. Kwa darasa lenye shaka lina ufa, maana litahitimisha kwamba kila kikundi kina mchoro wake na yote ni sawa. Dawa yake ni raundi ya pili. Gawa sumaku, au mizani. Michoro isiyokuwa na chuma inakatwa hadharani, na michoro inayotaka uzito mkubwa kuliko ule wa mizani inakatwa pia. Isiyokatwa inabaki, bila kutangazwa kuwa kweli. Bila raundi ya pili, heri usifanye kabisa.

Ya tatu: sukuma kanuni mpaka ivunjike

Hapa ndipo upendeleo wangu ulipo. Mipaka ya sayansi tunaitafuta kwenye falsafa wakati imechapishwa ndani ya muhtasari wetu, ila tunaipita mbio. Kanuni ya Hooke, kwamba springi hurefuka kulingana na uzito, ina kikomo cha unyumbufu. Kanuni ya Ohm, kwamba mkondo wa umeme hulingana na volti, inataka halijoto isibadilike. Kanuni ya pendulamu inataka pembe ndogo. Kila moja huja na sharti lake, na sharti hilo ndilo wanafunzi hulikariri kwa kasi ili wafikie fomula.

Springi: badala ya kusimamisha uzito pale mstari unapokuwa mzuri, endelea kuongeza. Chupa za maji za nusu lita zinatosha, kila moja ina karibu nyutoni 5. Mstari utapinda, springi haitarudi ilivyokuwa, na umeipoteza springi moja. Ni gharama ndogo. Ukiwa huna ya kupoteza, tumia ukanda wa tyubu ya baiskeli, ambao haunyooshi mstari kama springi tangu mwanzo, kisha uliza: je, Hooke alikosea? Jibu zuri ni kwamba alisema kweli kuhusu baadhi ya vitu katika baadhi ya hali. Kuna wanafunzi ambao hawajawahi kuambiwa kwamba kanuni inaweza kuwa kweli namna hiyo.

Balbu: siku hizi balbu ya tochi yenye waya imekuwa adimu, kila kitu ni LED. Nenda kwa fundi pikipiki ukaombe balbu ya indiketa, volti 12 wati 10. Ikiwaka kwa nguvu zake zote ukinzani wake ni omu 14.4, hesabu wataifanya wenyewe. Sasa ipime kwa multimita ikiwa baridi: utapata namba ndogo mara kadhaa. Balbu ileile, ukinzani mbili.

Pendulamu ndiyo tajiri kuliko zote, kwa sababu inagusa kupika data, ugonjwa wa darasa la kitabu. Uzi wa mita moja hutumia kama sekunde 2 kwenda na kurudi. Mkono wa mtu kwenye stopwochi unakosea kama sekunde 0.2. Ukipima mzunguko mmoja, kosa ni asilimia 10 ya muda, na kwa kuwa muda hupigwa kipeo cha pili katika hesabu ya g, kosa la g ni kama asilimia 20: unaweza kupata chochote kati ya 8 na 12 bila kuwa mzembe. Ukipima mizunguko 20 na kugawa, kosa hilohilo la mkono linashuka hadi karibu asilimia 1, yaani kati ya 9.7 na 9.9. Hakuna kifaa kipya kilichonunuliwa. Kilichobadilika ni jinsi ya kuuliza swali.

Na thamani "sahihi" ni ipi? Kitabu kimoja kinasema 9.8, karatasi ya mtihani inaweza kukuruhusu kutumia 10, na ukweli ni kwamba karibu na ikweta g ni kama 9.78, huku kwenye ncha za dunia ikifika 9.83. Mwanafunzi wa Dar es Salaam aliyepima kwa makini sana hatakiwi kupata 9.80. Mwambie hivyo, kisha ubadilishe usahihishaji wako: toa alama kwa mtawanyiko wa vipimo, yaani jinsi vinavyotofautiana, na maelezo yake, sio kwa namba ya mwisho. Usipobadilisha usahihishaji, hotuba yote kuhusu uaminifu haina kazi. Wataendelea kupika, na kutokana na alama unazotoa watakuwa na haki.

Kwa kumalizia na pendulamu, ivute hadi nyuzi 60 na upime mizunguko 10. Utaona zaidi ya sekunde moja ya ziada ukilinganisha na pembe ndogo. Kosa la mkono halifiki huko. Fomula imevunjika mbele yao, na ilishawaambia itavunjika.

Njia hii inayafaa madarasa yote mawili, ndiyo sababu naipendelea. La kitabu linaona kanuni ikikoma. Lenye shaka linaona kwamba haikomi ovyo; inakoma mahali palepale kila mara, kwa kila kikundi, na mahali penyewe panaweza kutabiriwa. Maoni hayana tabia hiyo. Isitoshe, haiibi kipindi hata kimoja kutoka kwenye mtihani wa vitendo. Ubaya wake ni foleni ya vifaa: watu 80 kwa springi sita ni mateso. Gawa, nusu wafanye pendulamu (uzi na jiwe hupatikana popote) na nusu wachore grafu, kisha wabadilishane.

Kasoro nyingine niiseme wazi. Inaonyesha mipaka ya kanuni, lakini haigusi mipaka ya sayansi yenyewe, maswali ambayo kipimo hakiyafikii. Kwa hayo unahitaji ya nne.

Ya nne: mjadala

Mjadala uendeshe kwa Kiswahili. Najua lugha ya kufundishia sekondari ni Kiingereza, na notisi zibaki hivyo; lakini swali la kama fizikia inaweza kuamua jambo fulani, likiulizwa kwa Kiingereza Kidato cha Tatu, litajibiwa na wanafunzi watatu walewale.

Mada mbaya ni "sayansi na dini, nani zaidi". Inaisha kwa ushabiki na simu ya mzazi. Chukua jambo ambalo wanafunzi wanaliishi. Pwani hakuna mada bora kuliko mwezi mwandamo. Kila mwaka watu huuliza: kama wataalamu wanaweza kukokotoa, kwa nini mtaa mmoja unasali Idi leo na mwingine kesho? Waache walitenganishe swali wenyewe, na watagundua lina tabaka tatu. Wakati ambapo Mwezi unapita kati yetu na Jua hukokotolewa kwa usahihi wa hali ya juu, na hakuna mwanafizikia wa kubishana nao. Iwapo mwandamo utaonekana kwa macho jioni hiyo pale Unguja au Muscat, fizikia inaweza kukadiria: Mwezi utazama dakika ngapi baada ya Jua, utakuwa na kimo gani, lakini mawingu, vumbi na macho ya mtu vinaingia, na jibu linakuwa la uwezekano. Tabaka la tatu, kama mwezi uhesabiwe kwa kuonekana au kwa hesabu, na kama ulioonekana nchi nyingine unatufunga sisi, ni la wanazuoni. Darubini kubwa zaidi haitalisogeza hata inchi moja. Somo zima la mipaka limo humo: panapojulikana kwa hakika, panapokadiriwa, na pasipokuwa pa fizikia.

Bara, au kwa Kidato cha Tano na cha Sita, tumia Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji. Mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115: nguvu hiyo hukokotolewa kwa maji yanayopita, kimo na g. Wanaikolojia wana vipimo vyao kuhusu mto na pori la Selous, lililoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1982, na hivyo navyo ni sayansi. Kupima umeme huo dhidi ya pori hilo, na kuamua nani alipe na nani afaidike, hakuna fomula. Angalia tu wasikimbilie kusema kwamba kwa kuwa uamuzi ni wa kisiasa basi na hesabu ni za kisiasa. Darasa lenye shaka hupenda kuruka hivyo.

Swali la radi litakuja tu, hasa Kanda ya Ziwa au magharibi mwa Kenya: radi imempiga mtu, wengine wamepona, nani kaituma? Usimcheke aliyeuliza, Mpemba alichekwa. Fizikia inaeleza chaji zinavyojitenga mawinguni, kwa nini mti mrefu na mtu aliyesimama uwanjani wako hatarini, na nyumba yenye kizuia radi inavyokingwa. Hiyo ni hoja inayoweza kupimwa, na dai la radi ya kutumwa likija na utabiri unaopimika, nalo lipimwe. Swali la kwa nini yeye na si mimi, msiba unapokuwa wa mtu wako, mwalimu aliache kwa walio na haki ya kulijibu.

Mjadala hauna gharama ya vifaa, unameza kipindi kizima na mara nyingi na kinachofuata, hauleti alama za moja kwa moja, na unahitaji mwalimu mwenye uwezo wa kusema "hilo si la somo langu" bila kuona aibu. Usianze nao mwaka. Darasa ambalo halijawahi kuona kanuni ikifanya kazi vizuri halina haja ya kusikia inaposhindwa.

Ukilazimika kuchagua

Darasa la kitabu, muda upo: Mpemba kwa vipindi viwili, kisha pendulamu. Darasa lenye shaka: anza na pendulamu na balbu, halafu Neptune na Vulcan, na Mpemba mwache mpaka wazoee. Vidato vya chini, vifaa hakuna: kisanduku chenye raundi mbili. Kidato cha Nne baada ya mock, huna hata kipindi cha ziada: usiongeze kitu, ila katika vitendo vilivyopo sukuma springi kupita kikomo na usahihishe mtawanyiko. Shule yenye mwalimu mmoja wa fizikia kwa vidato vyote vinne, hali ambayo si ngeni, ichukue njia ya tatu pekee. Nyingine zinadai maandalizi ambayo mtu huyo hana saa za kuyafanya.

Ili kujua kama kuna kilichoingia, swali la kutaja hatua halitakusaidia. Weka hili kwenye jaribio la mwezi. Vikundi viwili vimepima g mara tano kwa uzi, jiwe na simu. Cha kwanza kimeandika 9.80, 9.80, 9.80, 9.80, 9.80. Cha pili kimeandika 9.71, 9.84, 9.76, 9.69, 9.88. Ungeamini kipi, na ungemuuliza nini kiongozi wa kila kikundi? Toa alama moja kwa uchaguzi na nne kwa maswali.